Kabla hujasema ni nondo, mwangalie chini ya jicho: planthopa na jinsi ya kuwatambua

Juzi usiku stima iliporudi huku Kisauni nilitoka barazani nikakuta ukuta chini ya taa umejaa wadudu, kumbikumbi wawili watatu, mbu kibao, na katikati yao mmoja amekaa peke yake, kijani kilichopauka, ukubwa wa punje ya mhindi, mabawa kayasimamisha kama paa la makuti, linashuka huku na huku. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa amekaa kibarazani anapunga upepo, akamtazama akasema, "Mwanangu, huyo ni nondo tu, mwache." Mimi nikamsogezea kidole polepole. Nondo angepiga mabawa. Huyu hakupiga chochote, aliruka kwa miguu tu, tap, hayuko.

"Si nondo, bibi."

"Haya, kwani ni nani?"

Hilo swali ndilo limenifanya nikae niandike hii yote, manake jibu lake lina ngazi kadhaa na watu wengi (hata waliosoma) wanaruka ngazi ya kwanza wanaenda moja kwa moja kwenye rangi, na rangi ndiyo kitu cha mwisho cha kuamini kwa wadudu hawa.

Kiswahili chetu kina nyenze, kina panzi, kina vidukari na vidung'ata, lakini huyu watu humwita nondo au panzi mdogo basi, kwa hivyo hapa nitamwita planthopa. Si mdudu mmoja, ni kundi zima: zaidi ya aina 13,000 zimeshapewa majina ya kisayansi duniani, zimegawanywa kwenye familia kama 20 hivi. Wako kwenye ukoo mkubwa unaoitwa Hemiptera, ule ule wa kunguni, vidukari, nzi weupe na nyenze, na kinachowaunganisha wote hao ni mdomo. Hawana meno ya kutafuna, wana mrija kama sindano unaolala chini ya kifua katikati ya miguu, wanauchoma kwenye mmea wananyonya maji yake. Hii peke yake inakutenganisha na nondo, manake nondo mrija wake umejikunja kama chemchemi ya saa mbele ya uso. Na usidanganywe na unga. Najua watu hutumia ile njia ya kumshika bawa ukiona vumbi kwenye kidole basi ni nondo, lakini planthopa wengi wanajipaka nta nyeupe mwili mzima na ukiwashika kidole kinabaki na unga vile vile. Angalia mdomo.

Sasa ukishajua ni mfyonzaji anayeruka, hapo ndipo kizungumkuti chenyewe kinaanza, kwa sababu kuna binamu zake wanafanana naye sana: lifhopa, wale vidudu vyembamba vya kijani unavyovitimua kila ukipita kwenye nyasi, pia wale wanaoishi ndani ya povu kama mate kwenye shina, na nyenze wenyewe. Wataalamu wamewagawa pande mbili, planthopa wako Fulgoromorpha, na lifhopa na nyenze na wa povu wako Cicadomorpha. Umbo la nje linaweza kukuzungusha wiki nzima, mabawa yote yanafanana na paa, wote wanaruka, wote wananyonya. Lakini kuna mahali pamoja pa kuangalia ambapo kesi inaisha mara moja.

Yule wa barazani nilimpata tena baada ya dakika chache, amerudi ukutani, nikamfunika na glasi, nikamtelezeshea karatasi chini, nikamtia kwenye chupa ndogo nikamweka ndani ya friji kama dakika kumi hivi. Baridi haimuui, inampumbaza tu. Kisha nikamtoa nikamweka kwenye kisahani cheupe chini ya taa, nikachukua kioo cha kukuza mara 10, kile kile masonara wa Mji wa Kale wanaangalizia dhahabu, nikakileta karibu kabisa na jicho langu halafu nikamsogelea yeye, manake watu wengi hukishika kile kioo mbali na jicho kisha wakasema hawaoni kitu. Ubavuni mwa kichwa kuna jicho kubwa. Chini ya jicho, kwenye shavu, kuna kidude cha duara kimevimba kama tunguja changa, uso wake si laini, una vipele vipele, na juu ya hiyo tunguja umechomeka unywele mmoja mwembamba. Hicho ndicho kipapasio chake. Hivyo vipele ni viungo vya kuhisi harufu, na ule unywele ndio mkia wa kipapasio.

Lifhopa hana hiyo. Kipapasio cha lifhopa ni unywele tu, mwembamba tangu chini, na hautoki shavuni, unatoka mbele ya uso baina ya macho mawili. Nyenze hivyo hivyo. Kwa hivyo ukiona tunguja chini ya jicho, ni planthopa, awe kijani, kahawia, mweupe, awe na pua ndefu au hana, awe na mabawa marefu au mafupi. Mimi nasema kwa dhati kabisa, mtu akijifunza hii moja tu akaacha mengine yote yanayofuata, tayari ameshawapita wengi.

Ziko ishara nyingine za kuunga mkono. Pale bawa la mbele linapoungana na kifua planthopa ana kigae kidogo, kama kofia ya bega, binamu zake hawana. Mishipa miwili ya bawa upande wa mgongoni kwa kawaida inakutana inakuwa mmoja, ukichora inatoka herufi Y. Uso wake mara nyingi una kingo zilizoinuka, kama mikunjo ya karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Ukimgeuza chali utaona miguu ya kati imeanzia mbalimbali, haikubanana, na ile ya nyuma kiungo chake cha kwanza kimegandana na kifua, hakizunguki. Na muundi wa mguu wa nyuma una miiba michache mikubwa, wakati lifhopa ana safu ndefu za miiba kama kitana. Hii ya muundi itumie na tahadhari lakini, wale wa povu nao wana miiba michache mikubwa, kwa hivyo ukiangalia mguu peke yake unaweza kumweka mtu wa povu kwa planthopa. Rudi kwenye shavu.

Kwani inahusu nini yote haya, mtu atauliza, mdudu ni mdudu, piga dawa. Mimi nilifanya hivyo. Mahindi yangu machache nyuma ya nyumba yaliingia milia ya njano kwenye majani, nikaona vidudu vinarukaruka ndani ya kikombe cha majani pale juu, nikaenda duka moja la dawa za mimea nikaeleza, nikapewa dawa ya viwavi, ile ambayo mdudu lazima ale jani ndio imfike tumboni. Mfyonzaji hali jani, anachoma sindano ananyonya cha ndani, dawa iko juu ya jani yeye yuko kwenye mshipa, hawakutani. Pesa ikaenda na mahindi yakaenda.

Baadaye ndio nikaelewa kwamba hata hiyo milia ina watu wawili tofauti. Kuna ugonjwa wa milia ya mahindi unaojulikana sana Afrika, unaletwa na virusi vinavyobebwa na lifhopa wa jenasi (yaani kikundi cha aina zilizo karibu kiukoo) ya Cicadulina, maarufu zaidi Cicadulina mbila. Halafu kuna ugonjwa mwengine wa mistari kwenye mahindi, kwa Kiingereza majina yao yanatofautiana herufi chache tu na sisi wote tunawaita milia, na huu unabebwa na planthopa, Peregrinus maidis, ambaye pia anabeba virusi vya mozaiki ya mahindi. Virusi tofauti, mbebaji tofauti, tabia tofauti. Mbegu iliyotolewa kwa sababu inavumilia kimoja si lazima ivumilie chengine. Na wabebaji wenyewe, wote wadogo, wote wanaruka ukigusa jani, unawatenganisha kwa kipapasio kilichoko wapi.

Peregrinus ana na kitu chengine, na hiki kinatupeleka kwenye ngazi ya pili, yaani familia. Ukishajua ni planthopa unaangalia mguu wa nyuma, pale muundi unapoishia unapokutana na wayo. Akiwa na kidude kikubwa kinachochomoza hapo, kinachoweza kucheza, kama kipi cha jogoo, basi huyo ni Delphacidae na huna haja ya kutafuta zaidi. Ni familia kubwa, zaidi ya aina 2,000, wengi wao wadogo wa milimita chache na wengi wanakaa kwenye jamii ya nyasi, na jamii ya nyasi maana yake mahindi, mpunga, mtama, muwa. Yule mdudu wa kahawia anayeangamiza mpunga kule Asia, Nilaparvata lugens, ana kipi. Kipi ni kizuri kwa sababu hakitegemei rangi wala ukubwa, kipo au hakipo.

Na Delphacidae hao hao wana mtego uliowapoteza watu wengi: ndani ya aina moja, tena ndugu wa tumbo moja, mmoja anakua na mabawa marefu yanayopita tumbo na mwengine anakua na mabawa mafupi ya nusu mgongo, hawezi hata kupaa. Wakiwa wachache na mmea ni mchanga mtamu, wengi wanatoka wa mabawa mafupi, wanakaa wanazaana. Wakishabanana na mmea ukaanza kuchoka wanatoka wa mabawa marefu, wanahama. Ukiwapanga kwa mabawa utasema ni aina mbili, kumbe ni wenye nyumba na wasafiri.

Asiyekuwa na kipi unashuka kwenye wayo wenyewe. Wayo wa nyuma una vipande vitatu, wewe unakitaka cha pili. Kikiwa na safu ya miiba midogo chini kwenye ncha yake, uko upande mmoja wa familia (Cixiidae, Derbidae, Meenoplidae, Achilidae, Fulgoridae, Dictyopharidae), na kikiwa na mwiba mmoja tu kila upande, au hana kabisa, uko upande wa pili (Flatidae, Ricaniidae, Issidae, Tropiduchidae na jamaa zao). Kwa kioo cha mara 10 hii inahitaji subira, kwa mdudu mdogo inahitaji hadubini, lakini ndio njia panda yenyewe, ukikosea hapa unaingia barabara siyo.

Upande wa kwanza mimi naujali zaidi kwa sababu ya minazi. Sote wa pwani tunajua mnazi ni nini, toka makuti ya paa mpaka tui la wali. Kuna ugonjwa wa kuua minazi ambao umeisumbua sana Tanzania miaka mingi, nazi zinapukutika kabla ya wakati, shada la maua linageuka jeusi, makuti yanakuwa njano, mwisho kilele chote kinaanguka mnazi unabaki mlingoti. Unasababishwa na faitoplazma, ni aina ya bakteria wasio na ukuta wa seli wanaoishi ndani ya mishipa ya mmea inayopitisha sukari, na hawawezi kutembea wenyewe kutoka mnazi hadi mnazi, lazima wabebwe na mdudu anayenyonya mishipa hiyo. Kule Florida, Marekani, kwenye ugonjwa wao unaofanana na huu, mbebaji alithibitishwa miaka ya 1980, ni planthopa wa Cixiidae anayeitwa Haplaxius crudus. Kwa Tanzania, watafiti walitafuta chembe za urithi za faitoplazma ndani ya wadudu wanaokamatwa kwenye minazi, wakazikuta kwa Diastrombus mkurangai, ambaye ni Derbidae na jina lake linakumbusha Mkuranga kule Pwani ya Tanzania, na kwa wadudu wa jenasi Meenoplus, wa familia ya Meenoplidae.

Hapa panataka utulivu. Kumkuta mdudu na chembe za ugonjwa tumboni si sawa na kumkuta ndiye anayeambukiza. Kila anayenyonya mnazi mgonjwa atanyonya na vimelea vya ugonjwa, kama vile kila aliyepita sokoni atakuwa na vumbi la soko. Ili awe mbebaji lazima vimelea vitoke utumboni, vipenye mwilini, vifike kwenye tezi za mate, ndio vitoke tena kwenye sindano. Kwa hivyo kwanza unawatambua sawasawa, halafu ndio unawapima mmoja mmoja, na ukichanganya aina mbili kwenye chupa moja kipimo chako hakina maana.

Unawatambuaje? Cixiidae mabawa yao mara nyingi ni angavu kama karatasi ya plastiki, na kwenye mishipa kuna nukta nyeusi zilizoinuka, kama mtu amepitisha kalamu akaweka doti doti, kila doti ina unywele. Wengi wao wana vijicho vidogo vitatu, viwili ubavuni na cha tatu mbele usoni, wakati planthopa wengi wana viwili tu. Derbidae angalia ncha ya sindano: kipande cha mwisho cha mdomo kwa kawaida ni kifupi, urefu sawa na upana, kwa wengine ni kirefu. Na wengi wa Derbidae mabawa yanapita mwili mbali sana, mdudu mdogo amebeba matanga makubwa, anakaa chini ya kuti akiwa amening'inia. Meenoplidae wana vichembe vilivyoinuka kwenye ule mshipa wa Y au kwenye tawi lake moja.

Na watoto wao hawakai mnazini hata kidogo. Watoto wa Cixiidae wanaishi ardhini wananyonya mizizi, Haplaxius kwa mfano anakulia kwenye mizizi ya nyasi. Watoto wa Derbidae wanakula kuvu kwenye magogo yanayooza na takataka za majani. Yaani mtu anaweza kupiga dawa juu ya mnazi mwaka mzima na kitalu cha adui kiko kwenye nyasi na magogo chini ya miguu yake. Jina la familia ndilo linalokuonyesha uinamie wapi, na mimi hapo ndipo ninapoona utambuzi una kazi ya mikono kabisa.

Fulgoridae na Dictyopharidae nitawapitia haraka. Hao ndio wenye vichwa vya ajabu, vilivyorefuka mbele kama pua au kama mkonga wa tembo. Yule wa Amerika Kusini anayeitwa Fulgora laternaria ana kichwa kama karanga kubwa yenye ganda, na msanii Maria Sibylla Merian, aliyekwenda Suriname akachora wadudu wake, alichapisha mwaka 1705 kwamba kichwa kile kinatoa mwanga usiku. Hakitoi. Lakini jina la taa likawagandia familia nzima mpaka leo. Wote wawili wanaweza kuwa na pua ndefu kwa hivyo pua haiwatenganishi, kinachowatenganisha ni bawa la nyuma: Fulgoridae sehemu ya nyuma ya bawa hilo ina mishipa midogo mingi inayokatana kama wavu wa kuvulia dagaa, Dictyopharidae haina.

Upande wa pili wa njia panda wamo Tropiduchidae, na sisi wa Mombasa tunaojaza sahani za tende kila Ramadhani tunafaa kuwajua walau mmoja, dubas, Ommatissus lybicus, anayenyonya mitende kule Oman na Iraq. Anatoa majimaji matamu mengi kiasi cha kuufanya mtende wote unate, kisha ukungu mweusi unaota juu yake. Familia yake unaijua kwa ile pembetatu ya mgongoni baina ya mabawa: ncha yake ya nyuma imekatwa na mfereji mwembamba.

Wamo pia Issidae, wanene wafupi, mabawa magumu, kwa mbali utasema ni kombamwiko mdogo au fukusi. Hawa wana jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nasimama kidogo. Mtoto wa Issus coleoptratus, mdudu wa Ulaya, ana gia. Gia za kweli, zenye meno. Kwenye mzizi wa kila mguu wa nyuma kuna tao dogo lenye meno 10 hadi 12, na meno ya mguu wa kulia yanaingiliana na ya mguu wa kushoto kama gia za saa. Malcolm Burrows na Gregory Sutton wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilichapisha hili mwaka 2013. Sababu yake ni kwamba ule mruko ni wa haraka mno, mguu mmoja ukitangulia mwengine hata kidogo tu mdudu anapinduka hewani, na mishipa ya fahamu haina kasi ya kulinganisha miguu miwili kwa muda mfupi hivyo, kwa hivyo gia zinaifunga pamoja na tofauti baina ya miguu inashuka mpaka kama sehemu 30 za milioni ya sekunde, yaani sekunde moja uigawe mara milioni ndio uchukue vipande 30. Akijivua gamba la mwisho akawa mkubwa, gia zinapotea, mkubwa analinganisha miguu kwa msuguano tu na anaruka vizuri zaidi, anaondoka kwa kasi ya mita 5.5 kwa sekunde. Ile tap ya barazani ndiyo hiyo.

Sasa Flatidae na Ricaniidae, hawa ndio wanaoitwa nondo kila siku. Wote mabawa mapana, wote ukingo wa mbele wa bawa una mishipa midogo mingi ya kukata, imepangwa kama ngazi. Ricaniidae mabawa yao ni ya pembetatu pana, mengi ya kahawia na madirisha angavu. Flatidae mengi yamesimama kama ukuta, mwili umebanwa ubavuni, na ile sehemu ya bawa karibu na mgongo, pale pa Y, imejaa vichembe vilivyoinuka kama chenga za mchele. Chenga zikiwepo pamoja na ngazi, ni Flatidae.

Na kwa Flatidae ndio rangi inapokudanganya hadharani. Mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory alipopita Kibwezi miaka ya 1890, kwenye njia hii hii ya Mombasa kwenda bara, aliona shada la maua kwenye kijiti, akataka kulichuma, likamrukia huku na kule. Yalikuwa ni planthopa wa Flatidae, wamekaa kwenye kijiti kimoja kwa kundi, wengine kijani, wengine waridi. Rangi mbili, mdudu yule yule. Mtu angewapanga kwa rangi angeandika aina mbili na angekuwa na ushahidi mkononi.

Watoto wao nao ni mtihani. Wanapitia hatua tano za kujivua kabla ya kupata mabawa, na wengi wanatoa nyuzi za nta mkiani, nyeupe, kama manyoya ya jogoo au pamba ya usufi, ukiwakuta wamejikusanya kwenye shina la asumini au mlimau unasema ni vidung'ata. Gusa mmoja na kijiti. Kidung'ata atabaki pale pale au atajikokota, mtoto wa planthopa ataruka na mkia wake wa pamba. Lakini zaidi ya familia kwa mtoto ni vigumu, alama nyingi za mabawa nilizotaja hana bado.

Halafu kuna ngazi ya mwisho, jina kamili la aina, na hapa nataka niwe muwazi kwa sababu watu wananiletea picha kwenye simu wanataka jina hapo hapo. Kwa sehemu kubwa ya planthopa jina kamili halipatikani kwa picha ya mgongo. Linapatikana kwa viungo vya uzazi vya dume. Mtaalamu anakata ncha ya tumbo, anailainisha kwenye maji ya potashi mpaka nyama iyeyuke ibaki ganda, kisha anaichora chini ya hadubini kila pembe na kila ndoano, manake aina mbili zinaweza kufanana kila kitu nje na ndani zikatofautiana kama funguo za nyumba mbili. Jike mara nyingi anaishia kwenye jenasi. Siku hizi wanasoma na kipande cha chembe za urithi, inasaidia sana hasa kumuunganisha jike au mtoto na dume lake, lakini lazima kwanza pawe na dume aliyetambuliwa wa kulinganisha naye.

Kwa hivyo ukinipigia picha, nipigie ubavuni kwanza, kichwa kikubwa, shavu lionekane. Halafu uso kwa mbele. Halafu bawa lote kwa upande, halafu mguu wa nyuma ukiweza. Ya mgongoni iwe ya mwisho. Na useme alikuwa kwenye mmea gani, manake kuna wanaokula mmea mmoja tu na jina la mmea linapunguza orodha nusu nzima.

Kesho yake baada ya magharibi nilimpelekea Bi mkubwa kile kisahani na kioo cha sonara, nikamwonyesha jinsi ya kukileta karibu na jicho. Alikaa kimya muda mrefu.

"Ana kitu shavuni."

"Ndicho hicho, bibi. Nondo hana."

Nikamwonyesha ngazi kwenye ukingo wa bawa, na chenga pale begani, kisha nikamgeuza chali nikamwonyesha chini ya tumbo vile vibamba viwili vyenye meno vya kuchania mmea anapotaga.

"Basi ni nani?"

"Ni Flatidae. Ni jike, kwa hivyo jina la pili tungoje dume."

Akanirudishia kioo, akasogeza kiti chake karibu na ukuta, chini ya taa.